Picha ya Uani

Zama hizo picha yoyote ikiguswa ilisema yenyewe ilikotoka, na mchoraji hakuweza kuinyamazisha.

Bi Mwanahija aligusa picha ya jogoo iliyochorwa na Salha, mke wa mwanawe. "Nimetoka kwa mama mkwe, akimfukuza jogoo kwa mwiko," ikasema. Bi Mwanahija mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Akagusa ile nzuri kuliko zote, ya uani kwao, patupu, jua la asubuhi limetulia.

"Nimetoka wiki ile mama mkwe aliposafiri."

Salha akatamani ardhi ipasuke.

"Kumbe!" Bi Mwanahija akaangua kicheko tena. "Basi safari hii nakaa huko mwezi mzima, mwanangu, uchore mpaka ukuta ujae!"

Salha naye akacheka, akimsihi asiende. Lakini vidole vilishaanza kumwasha, vinataka brashi.