Chumba cha Ziwa

Huku kaskazini hakuna nyumba inayopewa kibali bila chumba cha ziwa. Ziwa lina haki ya kurudi popote lilipowahi kulala, kwa hiyo tunaliwekea chumba safi, mlango wake unaelekea ufukweni, na hakuna mtu anayelala humo.

Mkamwana wangu, Nthenya, alikulia kando ya bwawa. Alitaka kuweka kitanda cha mtoto humo.

"Bwawa hukaa linapoambiwa," nilimwambia. "Ziwa ni mgeni, na mimi najua kupokea wageni."

Mwezi huu lilikuja. Maji yaliingia taratibu, yakakijaza chumba mpaka usawa wa kizingiti cha kuingilia sebuleni, yakatulia. Majirani walikuja kunipongeza, nikawapikia chai.

Siku ya tatu tuliamka tukakuta zulia la sebuleni limelowa. Sikubabaika hata kidogo. Nilicheka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Nthenya, lete ndoo."

Hakuleta ndoo. Alisimama na mtoto mgongoni, akiyatazama maji yakipita katikati yetu kuelekea jikoni, bila haraka, kama mwenye nyumba.

"Mama," aliuliza, "na sisi tuko hapa siku ya ngapi?"