Kimya cha Saa Sita

Kimbunga kilinyamaza ghafla saa sita mchana, jua likatoka, na majirani wakaanza kutoka nje wakimshukuru Mungu. Raya hakufurahi. Alikuwa mtoto mji ulipopigwa na kimbunga kingine, na alikumbuka kwamba kimya cha namna hii ni katikati tu. Upepo hurudi, tena kutoka upande wa pili, ukiwa mkali zaidi.

"Namfuata Mama," alisema mumewe, Hamdu, huku akivaa viatu. Mama yake aliishi peke yake nyuma ya msikiti, katika kibanda cha makuti.

"Baba Ilham, hutawahi kurudi."

"Angekuwa mama yako?"

Hamdu akatoka mbio, akiruka minazi iliyolala njiani.

Safari hii upepo ungekuja upande wa mlango. Raya aliburuta kabati la vyombo hadi karibu nao, akawaingiza watoto wake wawili chini ya kitanda, kisha akarudi kusimama kizingitini. Upande wa bahari mbingu ilikuwa nyeusi tena. Majirani walikimbilia ndani na kupiga makomeo.

"Mama, funga!" Ilham alilia.

"Bado kidogo, mwanangu."

Upepo ukampiga usoni. Mwisho wa njia akamwona Hamdu, ameinama, amembeba mama yake mgongoni, anakuja polepole mno, na nyuma yao mabati ya msikiti yakianza kuinuka moja moja.