Mkono wa Rukaya

Jirani ndiye aliyemwonyesha Bi Salme picha kwenye simu: binti yake Rukaya, miaka kumi na sita, mkono wazi, kovu lote la moto linaonekana. Watu mia tatu walikuwa wameshaiona.

Aliingia chumbani kwa binti yake. "Miaka yote nakushonea mikono mirefu, leo unajianika mwenyewe?"

"Nimechoka kujificha, mama."

"Watauliza nani alikuunguza. Utawaambia nini?"

Rukaya alimpa simu asome alichoandika chini ya picha. Bi Salme alisoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Niliungua na uji nikiwa na miaka mitatu. Ilikuwa ajali. Mama alinipepea wiki nzima bila kulala."

Ni kweli alimpepea. Lakini sufuria aliiacha yeye sakafuni, akaenda kupiga soga mlangoni. Rukaya alishaambiwa hilo zamani na shangazi zake.

Bi Salme alikaa kitandani. Rukaya akaulaza mkono wake mapajani pa mama. Kiganja cha mama kilishuka, kikasita juu ya kovu.

"Haliumi tena, mama."

Kiganja kilibaki hewani.