Mchezo Haujaiva

Ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia tarehe ya kutoka kwa mchezo wa kompyuta ulioahirishwa kila mara. Nyuma ya jukwaa, Sikudhani, aliyeubuni, alimwonyesha mkurugenzi wake skrini: mama amembeba mwanawe anavuka mafuriko, lakini miguu yake inaelea juu ya maji.

"Nani atatazama miguu?" Bwana Kitwana alisema. "Katangaze kwamba unatoka kesho. Tutarekebisha watu wakishanunua."

"Huyu anapaswa kuwa anazama, bosi. Mchezaji asipoogopa hapa, hatuna mchezo."

"Nimesema kesho!"

Sikudhani akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. "Mchezo hautoki kesho," alisema. "Haujaiva. Anayeuchelewesha ni mimi, na nitauchelewesha tena mpaka uwe ule niliowaahidi."

Ukumbi ukalipuka kwa kuzomea. Chupa ya maji ikampita karibu na sikio. Bwana Kitwana akaamuru kipaza sauti kizimwe. Sikudhani akakiweka chini, akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, akiwasimulia habari za yule mama na jinsi maji yanavyompanda kifuani.

Waliokaa nyuma wakainuka, wakaanza kusogea mbele. Hakujua kama wanakuja kumsikiliza au kumshusha. Akapaza sauti zaidi.