Maji ya Kichwani

Saa saba mchana, Mwakideu aliikokota baiskeli yake hadi kwenye kibanda cha chai cha Diramu, katika mji wa mwisho kabla ya jangwa kuanza tena. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Mama, naomba maji."

Diramu alimjazia kikombe cha bati. Mwakideu alipiga mafunda mawili, kisha akajimwagia yaliyobaki kichwani huku akicheka.

Wateja wakaweka vikombe chini. Maji yale Diramu aliyaleta kwa punda, mwendo wa nusu siku kutoka kisimani.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza.

"Navuka jangwa lote. Nataka watu wajue kwamba inawezekana."

"Watu gani? Sisi tunalivuka kila mwezi, na hatujamtangazia mtu."

Mwakideu akatazama chini. Akanyoosha kikombe tena. "Nisamehe, mama. Nimebakiza kilomita tisini."

Diramu alimtazama kama anavyomtazama mbuzi aliyetafuna kanga yake. Akakijaza kikombe, lakini hakumkabidhi. Alimwekea mdomoni na kukishikilia mwenyewe, kama anayemnywesha mtoto mchanga, na Mwakideu akanywa mbele ya wote, macho ameyafumba.