Hewa Bombani

Kwa majira matatu ya baridi pale jijini Harbin, mzee Qiu alimtukana mjane wa ghorofa ya juu akidai anagonga makusudi mabomba ya maji moto yanayopasha jengo joto, mpaka wajukuu wa mjane wakaacha kuja kumtembelea.

Leo fundi alilegeza skrubu ya kipasha joto cha Qiu mwenyewe. Hewa ikapiga mluzi, maji yakatiririka bakulini, kelele za kugonga zikakatika.

"Hewa iliyokuwa ikigonga ilikwama humuhumu kwako, mzee," fundi alisema.

Mjane aliusikia ukimya ule, akashuka, akasimama mlangoni.

"Kumetulia! Haya, sema, mkosaji nani?"

Qiu aliyatazama yale maji. Yalikuwa meusi kama wino, yananuka kutu.

"Ni wewe! Umemwona fundi, ndiyo maana umeacha kugonga."

Akaubamiza mlango.