Chai ya Mama

Mwakio alijipatia riziki kwa kuandika mtandaoni: matangazo, barua za kuomba kazi, hata wasifu wa marehemu kwa wateja asiowajua. Leo, kwenye mazishi ya jirani yao, mtoto wa marehemu alishika simu akasoma: "Mama alitupozea chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe, huku akiimba."

Dada yake Mwakio akamgeukia. "Si mama yetu huyo?"

Wasifu ambao Mwakio alimwandikia marehemu mama yao kwa machozi ndio aliouuza mtandaoni, pa jina akipaacha wazi mteja ajaze. Kule mbele msomaji alishikwa na kwikwi. Mwakio akainamisha uso. Bibi mmoja akamtia leso mkononi.

"Lia, mwanangu. Usione haya."

Dada yake alikuwa bado anamtazama.